Datsun 240Z imewekwa injini ya Mark II, nianzie wapi? Nipo Mtwara

Kijana wa Shangani

Wakuu heshima kwenu. Nina gari nataka ushauri kabla sijaanza kutupa hela.

Ni Datsun 240Z ya 1972, usukani kulia, ilikuwa ya mzee mmoja kule Mikindani, watoto wake wote wapo Dar wakaona inakula nafasi tu uani wakaniachia kwa bei ya kirafiki. Kadi ipo ila ni ile ya zamani. Gari ilikaa chini ya mwembe miaka na miaka, kuku walikuwa wanataga humo ndani siwatanii.

Sasa shida yake imeshachezewa sana. Injini yake L24 ilitolewa ikawekwa 1G-FE ya Grand Mark II pamoja na giaboksi yake ya otomatiki. Springi zimekatwa ili ikae chini, rimu za inchi 17, mafenda yamepanuliwa na vipande vya faiba vimepigwa ribiti juu ya bodi. Rangi ni nyekundu juu ya nyeupe juu ya sijui nini. L24 yenyewe ipo stoo chini ya turubai, ukikamata puli kwa spana inazunguka, na kabureta zake mbili zipo kwenye ndoo.

1G inawaka safi. Nimeizungusha hapa Shangani mpaka ufukweni nikarudi, inavuta kwa kweli, ila breki unakanyaga mpaka chini ndio inashika, na mlango wa dereva ukitaka ufunge lazima uunyanyue kidogo.

Nataka niifanyie hapa hapa nyumbani. Nina uwanja, banda la makuti, grainda, jeki, na jirani yangu anachomelea mageti. Niirudishie L24 iwe kama ilivyotoka kiwandani au niiache 1G nitafute giaboksi ya gia za mkono? Breki nafanyaje maana spea za hii kitu sijawahi kuziona dukani? Na rangi, nataka ile ya chungwa. Hela yangu ni ya korosho kwa hiyo minada ikianza Oktoba ndio nitakuwa na chochote, nipangieni kuanzia hapo.

Wale wa "uza ununue IST" piteni kimya kimya.

Kobe wa Ligula

Uza ununue IST 😂😂

Natania mkuu, hongera. Tupia picha.

Mzee wa Vumbi

Kijana umepata mali. Hiyo gari vijana wanaiona ya maonyesho tu ila sisi tuliokuwepo tunajua ilifanya nini kwenye vumbi la Afrika Mashariki. 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari na 240Z, na 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia. Gari hizo hizo zenye L24 ya kabureta, hakuna kompyuta wala nini.

Ushauri wangu rudisha L24. Ni cc 2393, pistoni 6 kwa mstari, bloku ya chuma, inatumia cheni sio mkanda, ukiipa oili safi haikusumbui. Kwa kuwa inazunguka kwa mkono ni dalili nzuri, ila usiiwashe hivyo hivyo. Toa plagi, mwagia oili kidogo kila silinda, iache ilale, halafu izungushe kwa spana mizunguko ya kutosha. Fungua kifuniko cha juu uangalie kemu, ile shafti inayofungua valvu, kisha pima nafasi za valvu ikiwa baridi, za kuingiza 0.20 mm, za kutoa 0.25 mm. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, andika ukutani kabisa maana fundi akichanganya waya za plagi mtalaumu kabureta wiki nzima.

Hizo kabureta watu wanaziogopa bure. Ni za Hitachi, zimejengwa kwa mtindo wa SU. Ukitoa kifuniko cha juu kuna pistoni inapanda na kushuka, inyanyue kwa kidole uiachie, inatakiwa ishuke taratibu igonge chini usikie "tok". Ikikwama katikati ni uchafu au imepinda, ioshe kwa petroli, usipige msasa hata kidogo. Juu kuna kifimbo kinachozama kwenye oili, watu wengi wanasahau kuweka oili pale halafu gari inajikwaa ukikanyaga. Kuzisawazisha mbili zivute sawa, chukua mpira mwembamba, upande mmoja sikioni upande mwingine mdomo wa kabureta, sikiliza mlio, rekebisha mpaka zilie sawa. Mimi nilifundishwa hivyo na Singasinga mmoja wa gereji Lindi na mpaka leo sina kifaa kingine.

Turbo Mkanaledi

Shikamoo mzee, ila hapo napingana na wewe kidogo kwa heshima. Hadithi ya Safari ni nzuri ila huyu kijana yupo Mtwara sio makumbusho. 1G-FE za Mark II GX100 zimejaa kila kona, plagi sensa koili mkanda wa taimingi unapata hata Masasi, L24 gasketi ya hedi tu ni kuagiza nje. Na gari yenyewe ni nyepesi, kama tani moja hivi, Mark II ile injini ile ile inaburuza mwili mkubwa zaidi. Aache 1G aweke gia za mkono ale raha

ila mkuu kama unabaki na 1G angalia mambo ya mafuta. Injini ya injekta inataka pampu ya presha kubwa, kabureta inataka presha ndogo sana. Huyo aliyeiweka alitumia mipira gani? Kama ni ile laini ya zamani imefungwa na klipu za kawaida hiyo ni moto unasubiri tu. Na vile vile siku ukirudisha L24 usiache hiyo pampu ya injekta, itasukuma petroli ipite sindano za kabureta imwagike juu ya ekzosi.

Pia taa. 240Z umeme wa taa kubwa wote unapita kwenye swichi ya pale usukani, hakuna relei. Ukiwasha taa usiku ukashika ile swichi ikiwa ya moto usishangae. Weka relei mbili, kazi ya jioni moja. Na dashibodi ina mita ya ampea ambayo umeme wa chaji unapita mle mle, alteneta ya 1G ina nguvu kuliko ya zamani, mwambie fundi umeme aangalie hilo kabla waya hazijayeyuka.

Fundi Bodi wa Mitwero

Nyote mnazungumzia injini, hakuna aliyesoma pale aliposema mlango wa dereva lazima aunyanyue.

Kijana, nafanya bodi Lindi hapa, magari ya wavuna chumvi ndio kazi yangu kwa hiyo kutu naijua kwa jina. 240Z haina chesisi ile ya kujitegemea kama Land Rover, bodi yenyewe ndio chesisi. Mlango ukianza kushuka mara nyingi sio bawaba, ni boksi la chini ya mlango limeoza ndani na gari inapinda katikati. Inawezekana ni bawaba, sikatai. Fanya hivi: fungua mlango, unyanyue na kuushusha kwa mkono ukiangalia bawaba. Bawaba ikicheza, bahati yako. Bawaba ikiwa imetulia, piga jeki chini katikati ya gari taratibu sana uangalie ule mwanya wa mlango na fenda ya nyuma. Mwanya ukibadilika, shusha jeki na usiendeshe tena hiyo gari, hata kwenda ufukweni.

Kisha chukua bisibisi butu na nyundo ndogo upite sehemu hizi. Chini ya betri, maana asidi ya betri inakula mle miaka yote. Zile reli mbili za bati zinazopita chini ya sakafu. Sakafu yenyewe, ng'oa zulia lote. Nyuma ya mlango pale chini karibu na tairi la nyuma. Shimo la tairi la akiba. Na pale boneti inapoishia chini ya waipa, toa ile grili uchungulie ndani. Hapo ndipo mwembe umekumaliza. Majani yanaingia, yanaziba matundu ya kutolea maji, mvua ikinyesha maji yanakaa mle yanateremka pembeni mpaka kwenye boksi la chini ya mlango. Kwa hiyo boksi linaoza kuanzia ndani, nje unaona rangi inang'aa.

Ukigonga ikilia kavu, bati. Ikilia bubu, puti.

Fenda za mbele zinafunguka kwa bolti, zitoe zote mbili, utakuta udongo nyuma yake umejaa tangu enzi za huyo mzee. Na hivyo vipande vya faiba vya ribiti vitoe pia, kila tundu la ribiti ni mlango wa kutu, kwa hewa yetu ya chumvi hayo matundu hayakai hata miaka miwili. Ukishatoa ndio ujue kama fenda za asili za nyuma zilikatwa au zipo.

Halafu huyo jirani wa mageti, namheshimu, ila mashine yake ya vijiti inachoma geti la milimita tatu, bati la gari ni kama milimita moja, atatoboa halafu atajaza halafu itapinda. Tafuta mwenye mashine ya MIG, ile ya waya na gesi, hata ya kukodi. Kabla hajawasha: betri itoke, kontroli boksi ya 1G ichomolewe, tenki la mafuta litoke kabisa nje ya banda. Banda lako ni la makuti kijana, kwa hiyo ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto viwe karibu na mtu mwingine asimame hapo anaangalia tu cheche.

Kijana wa Shangani

Asanteni sana wakuu, Mzee shikamoo, fundi shikamoo.

Nimefanya leo. Bawaba imetulia haichezi. Nimepiga jeki, mwanya umebadilika kabisa naona kwa macho. Upande wa dereva boksi la chini ya mlango bisibisi imezama mpaka mpini. Upande wa abiria kuna bati la pipa limepigwa ribiti na puti juu nene kama andazi, nimeligonga likadondoka lote na mchanga ukamwagika. Sakafu ya abiria naona nyasi. Kwenye waipa nimetoa majani nusu ndoo na kiota.

Habari njema chini ya betri pazima, na reli za mbele zinalia kavu. Sijaendesha tena.

Sasa fundi nakata nianzie wapi, maana nikikata naogopa gari itakunjika.

Fundi Bodi wa Mitwero

Marahaba. Umefanya vizuri, na uoga huo ni mzuri ubaki nao.

Usikate pande zote mbili kwa pamoja. Gari iwe imelala sawa, isitundikwe kwa jeki moja katikati. Weka stendi nne kwenye sehemu ngumu, pima kwa pima maji kushoto kulia mbele nyuma. Kabla ya kukata chomelea bomba la chuma kwenye uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi nguzo ya nyuma, mlango ukiwa umefungwa vizuri kwanza ili mwanya uwe sahihi, halafu toa mlango ukachomelee. Lingine kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine nyuma ya viti. Hayo mabomba ndio yanashika umbo wakati boksi halipo. Kata upande wa dereva, jenga, maliza, rudisha mlango uone unafunga, ndio uhamie upande wa pili.

Usikate pale ulipooza tu, kata mpaka ufike bati linalong'aa. Watu wanaogopa tundu kubwa wanachomelea kiraka juu ya kutu, mwaka hauishi kinabanduka. Kiraka kikunje kifuate umbo la zamani, usiweke bati bapa, yale makunjo ndio nguvu yenyewe. Chomelea nukta, ruka, nukta nyingine mbali, rudi, usivute mstari mrefu bati litajikunja kwa joto. Ndani ya boksi kabla ya kufunga paka praima ya zinki, na ukishamaliza yote pulizia nta ya kuzuia kutu kupitia matundu ya maji. Matundu yenyewe usiyazibe tafadhali, nimeona watu wanayaziba ili "maji yasiingie".

Na kuna mtu atakuja kukwambia pulizia oili chafu chini. Iache. Inavimbisha bushi za mpira, na ukirudi kuchomelea itawaka.

Dada Spea Masasi

Habarini. Kuhusu breki, kwanza hiyo pedali kwenda chini usiihusishe na pedi, anza na masta ya breki na mipira. Mipira ya miaka yote hiyo imevimba ndani, badilisha yote mitatu minne, ni vitu vya bei ndogo. Drami za nyuma fungua uangalie silinda zake kama zinavuja, gari iliyokaa lazima zimeganda. Oili ya breki toa yote weka mpya.

Ukitaka kuongeza nguvu mbele kuna siri ya watu wa hizo Datsun duniani kote, na kwetu ni rahisi kuliko kwao. Kalipa za Hilux 4x4 ya mwanzoni mwa miaka ya 80, zile za pistoni 4, zinakaa kwenye 240Z kwa matundu yale yale ya bolti na diski yake ya asili. Angalia alama S12-8 imechorwa kwenye mwili wa kalipa. Zile zilizoandikwa S12W ni pana zaidi, za diski yenye matundu ya upepo, usichanganye. Kile kibati cha kuzuia vumbi nyuma ya diski kinakatwa kidogo ili kalipa ipite. Ila ukiziweka na masta ya zamani ndogo pedali inakwenda mbali zaidi, kwa hiyo unahitaji masta yenye pistoni kubwa kidogo. Na ukimaliza kajaribu kwanza sehemu tupu mwendo mdogo, uone kama mbele inajifunga mapema kuliko nyuma.

Hilux za miaka hiyo huku Masasi na Nachingwea bado zinabeba ufuta, na zilizokufa zipo kwenye mayadi. Naweza kukuulizia, ukitaka nikutumie kwa basi.

Springi zilizokatwa tupa kaka. Ukipiga jeki tairi linaning'inia springi inalegea kwenye kikombe chake, siku ukipita bonde kwa kasi inaweza isirudi mahali pake.

Turbo Mkanaledi

Dada umemaliza hapo kwenye Hilux, sikujua

Kijana swali moja ambalo linaamua habari yote ya injini: giaboksi ya zamani ya 240Z ipo? Na zile sehemu za kushikia injini ya zamani kwenye krosimemba, ule mhimili wa chini unaobeba injini, zilikatwa au zipo?

Kijana wa Shangani

Krosimemba ya zamani ipo stoo nzima, hii iliyopo wametengeneza nyingine. Giaboksi haipo, wanasema ilichukuliwa na fundi aliyebadilisha injini.

Mzee wa Vumbi

Giaboksi isikukatishe tamaa. L za pistoni 4 na L za pistoni 6 zinaingiliana pale bloku inapokutana na giaboksi, kwa hiyo tafuta ya Datsun 180B au 200B, zilikuwa nyingi miaka ile. Usiuziwe ya 120Y, ile ni injini ya A, haiingii hata ukilia. Urefu wake na propela utapima mwenyewe.

Na angalia namba. Chesisi imegongwa kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi, ya usukani kulia yenye L24 inaanza na HS30. Ilinganishe na kadi leo leo kabla hujatia hata shilingi. Kadi ina namba ya injini pia, na injini iliyomo sasa si ile ya kwenye kadi, kwa hiyo TRA na trafiki utapitia tu siku ukihamisha jina.

Nakubaliana na fundi, bodi kwanza. L24 ikae stoo imefunikwa, isubiri. Nilikimbilia kabureta kwa mapenzi tu.

Kijana wa Shangani

Namba inaanza HS30 na imelingana na kadi 🙏

Basi naona hivi: minada ikianza natafuta MIG na mabati, boksi zote mbili na sakafu, halafu breki, halafu springi. 1G inabaki humo humo kwa sasa na nabadilisha mipira ya mafuta. Rangi ya chungwa kabla ya sikukuu ya Krismasi inawezekana?

Fundi Bodi wa Mitwero

Haiwezekani, na hata ikiwezekana usifanye. Hela yako inakuja Oktoba, mvua zetu huku zinaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili. Rangi ya tina ukiipulizia hewa ikiwa na unyevu inapauka, inakuwa na ukungu mweupe, na chini ya banda la makuti usiku kucha kuna umande. Mvua hizo fanya chuma na breki, kila bati tupu unalomaliza siku hiyo hiyo lipake praima ya epoksi, usiliache lilale uchi hata usiku mmoja, asubuhi utalikuta jekundu. Puti ije juu ya epoksi, sio juu ya bati, maana puti inanyonya maji. Halafu Juni kusi likishakausha ndio uje na rangi, pulizia saa nne asubuhi mpaka saa nane hivi, mwagia maji chini kuzuia vumbi.

Rangi ya chungwa ya kiwandani namba yake ni 918. Lakini toa paneli ya ndani nyuma ya kiti uangalie rangi ya kwanza kabisa iliyopo pale, isije ikawa gari ilizaliwa na rangi nyingine.

Kijana wa Shangani

Nimetoa paneli. Kijani.

Kobe wa Ligula

Kuchele! Sasa hapo ndio balaa, chungwa au kijani? Na hiyo otomatiki ukija kuitoa usiiuze kwa mtu mwingine, niko hapa nina GX100 inateleza gia ya tatu.

Dada Spea Masasi

Kijani bwana, za chungwa kila mtu anazo kwenye picha. Kalipa nimezipata jozi moja, S12-8 zimeandikwa wazi, pistoni moja imeshika kutu lakini inatoka. Nikufungie kwenye basi la kesho asubuhi au usubiri minada?

Kijana wa Shangani

Funga dada, za kalipa nakopa kwa mama. Basi likifika stendi nitakuwepo.